Jasho Kwenye Shingo ya Chupa

Pale kiwandani, ukutani karibu na mlango wa mbele, kuna picha ya chupa mbili. Moja ina maji mekundu, mekundu hasa, ya kumsimamisha mpita njia. Nyingine ina maji ya waridi yaliyofifia, kama maji ya mwisho ya kusuuzia nguo. Chini ya ile nyekundu pamebandikwa karatasi yenye neno UMEME, na chini ya mwenzake pamebandikwa MOTO. Kila mgeni huonyeshwa picha hiyo kabla hata hajakaribishwa kiti, na anayemwonyesha ni fundi wa mtambo, mtu wa makamo, mwembamba, ambaye wenzake wamemzoea kwa jina la Volti. Huinyooshea picha kidole harakaharaka, halafu huanza kuchunguza viatu vyake mwenyewe. Wageni hudhani ni mtu mnyenyekevu.

Tuseme mapema, tusije tukazungushana. Maneno ya picha ile yamegeuzwa. Ile nyekundu ilipikwa motoni, na aliyeipika ni shangazi yake Volti, dada wa baba yake, aliyemlea tangu ana miaka saba. Ile iliyofifia ndiyo iliyotoka kwenye mtambo wa umeme. Aliyegeuza ni Volti mwenyewe, kwa mikono yake miwili, kwenye ukumbi mwembamba mbele ya mtungi wa kuzimia moto, na kazi hiyo ilimchukua muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. Imepita miaka mitatu. Hajamwambia mtu, hata mkewe.

Kiwanda hicho hushughulika na maua ya rosela. Hutoa rangi yake na vile viini vyenye faida mwilini, ambavyo wanunuzi huvitia kwenye vinywaji, vidonge na mafuta ya ngozi. Zamani kazi yote ilikuwa ya kuchemsha. Kulikuwa na chumba cha sufuria sita, kila moja ingeweza kumwogesha mtu mzima, na wanawake sita waliotoka humo jioni nyuso zimelainika kwa mvuke. Mkubwa wao alikuwa Shangazi, na jina lake la kazini lilikuwa Mama Mvuke. Rosela ni mdekaji. Ikizidishiwa moto dakika moja, wekundu wake unageuka kutu, na zile faida zinazofuatwa na wanunuzi zinakufa humohumo. Shangazi hakuwa na saa. Alikuwa akiinama, anatazama, ananyamaza, kisha anasema neno moja tu, "Sasa," na wanawake wote wanaipua kwa mpigo. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumwona akikosea "sasa" yake.

Halafu mtambo ukaja. Wafanyakazi waliubatiza friji ya radi, na wengine kwa wiki nzima walipita mbali nao wakijitia wana shughuli upande mwingine. Kumbe ni kitu cha kueleweka. Ni bomba la chuma lenye mabamba mawili yanayotazamana ndani yake, na pembeni kuna kabati la umeme. Maua yaliyosagwa ndani ya maji baridi hupita katikati ya mabamba, na umeme huyapiga mapigo mafupi mno, maelfu ya volti kwa muda ambao ukope haujaanza hata kufumba. Ua limejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana, kila kimoja kimezungukwa na utando wake. Pigo la umeme huutoboa utando huo vitundu, na yaliyomo hutoka yenyewe: rangi, harufu, na vile viini visivyostahimili moto. Maji huingia baridi na kutoka karibu baridi vilevile. Ukishika bomba la kutokea huwezi kujua kwamba ndani mmepita radi.

Ilipohitajika mtu wa kwenda kujifunza kuuendesha, bosi aliwauliza wakuu wa vyumba. Shangazi ndiye aliyesema, "Mpelekeni mwanangu. Mikono yake imetulia." Wakati huo Volti alikuwa mbeba magunia. Akaenda majuma sita, akarudi na vyeti viwili na hilo jina la Volti.

Siku ya kupima ikafika. Mtambo ulikuwa umeletwa kwa majaribio tu. Wanunuzi wangekuja saa sita, wangetazama chupa mbili, moja ya moto na moja ya umeme, na injinia wa kampuni iliyouleta angezipima wekundu kwa kijikifaa chake. Umeme ukishindwa, mtambo unapakiwa kwenye lori, na Volti anarudi kwenye magunia. Asubuhi hiyo mambo yakaenda mrama. Maji ya kisima cha kiwanda yana chumvichumvi, na maji ya namna hiyo hupitisha umeme kwa wingi. Badala ya mapigo kuyashika maua, umeme ulijipitia majini tu, na mtambo ukajizima kujilinda. Akauwasha, ukazima. Akauwasha tena, ukazima tena. Akapunguza nguvu ya mapigo mpaka ukakubali kwenda, lakini kwa nguvu ile hata unyasi usingetoboka. Kilichotoka ni yale maji ya waridi. Injinia alikuwa katika chumba cha mkutano akinywa chai na wanunuzi, na Volti aliona haya kwenda kumwita mbele yao kumwambia mtambo umemshinda.

Saa sita kasoro akaenda kuchukua chupa ya Shangazi. Ilikuwa imekwisha kupoa, imefungwa vizuri, nyekundu ya kutia wivu. "Mwambie bosi leo rosela imenisikiliza," Shangazi akamwambia, akicheka. Kwenye ukumbi Volti akaweka chupa zote mbili chini ili abandike karatasi. Hakukusudia tangu asubuhi, hilo ni kweli, naye amejiambia mara nyingi mno kana kwamba linapunguza kitu. Karatasi ya UMEME ilikuwa mkononi, chupa nyekundu ilikuwa karibu zaidi, na mkono uliotulia ukabandika.

Kijikifaa cha injinia kikasema kilichosema. Wanunuzi wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Bosi akaagiza Mama Mvuke aitwe, aje naye aone, maana alikuwa bosi mwenye heshima kwa wazee wa kazi. Shangazi akasimama mlangoni akijifuta mikono kwa aproni.

"Samahani, bosi," akasema. "Hiyo nyekundu mbona ni yangu?"

Injinia akacheka kwa adabu. "Mama, karatasi inasema umeme."

"Karatasi siijui. Tazameni shingo ya chupa. Imetoa jasho kwa ndani. Mimi huimimina ikiwa moto. Ya baridi itatoa wapi jasho?"

Na kweli, chini kidogo ya kifuniko, kwenye kioo, kulikuwa na matone madogo yamejipanga. Lakini bosi alikuwa upande wa pili wa meza, wanunuzi walikuwa wakitazama saa zao, na injinia alikuwa ameshafungua karatasi za mkataba. Wote wakamgeukia Volti, kwa kuwa yeye ndiye aliyezileta chupa na yeye ndiye mtoto wa yule mama.

"Shangazi," Volti akasema kwa macho makavu, na kwa ile sauti ya upole tunayowasemesha wagonjwa, "hakuna jasho hapo. Ni macho tu. Umekaa sana kwenye mvuke."

Shangazi akaitazama chupa. Akamtazama yeye. Kisha akainua ncha ya aproni akayafikicha macho yake, jicho moja baada ya lingine.

"Labda," akasema, akarudi kwenye sufuria zake. Bosi akazibandua karatasi, akapiga picha kwa simu, chupa mbili kando kwa kando, jasho likiwa bado halijakauka; karatasi zenyewe zikaja kubandikwa ukutani chini ya picha.

Wiki tatu baadaye chujio kubwa la kutoa chumvi kwenye maji likafika, lililokuwa limeagizwa siku nyingi. Volti akaurudisha mtambo kwenye nguvu yake kamili, na rosela ikatoka nyekundu kuliko alivyowahi kuiona popote, na harufu ya ua lililochumwa punde. Siku hiyo alijifungia chooni akalia, nusu kwa furaha. Akajipa moyo kwamba uongo wake ulikuwa umewahi tu, kama mtu aliyefika kabla ya saa ya miadi, na sasa ukweli umeshamkuta hapohapo. Hoja hiyo ilimlaza usingizi kwa muda wa miezi miwili hivi.

Chumba cha sufuria kikafungwa. Wanawake watano wakahamishiwa kwenye kuosha maua na kufungasha. Shangazi alipewa kazi nzuri kuliko zote, ya kukagua rangi inapotoka mtamboni, akaikataa. "Mtu asiyetofautisha yake na ya mwenzake atakagua rangi gani?" alimwambia bosi. "Macho yangu yamekwisha. Niacheni nikapumzike." Alimwamini mtoto aliyemlea kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe, na hapo ndipo Volti alipochomwa.

Mtu akishaambiwa na mtu wake kwamba haoni, huanza kuishi kama asiyeona. Shangazi alimpa jirani cherehani yake. Aliacha kusoma gazeti, akawa anamwomba mtu amsomee. Chai aliimimina huku kidole kimoja kikichungulia ndani ya kikombe. Barabara iliyo mbele ya nyumba yake, aliyoivuka maisha yake yote huku akiwagombeza madereva, sasa hakuivuka bila kushika kiwiko cha mtu, na kila Jumamosi kiwiko hicho kilikuwa cha Volti. Alimpeleka sokoni, akamchagulia nyanya, akamtungia uzi kwenye sindano, akamsomea maandishi ya chupa za dawa. Majirani walimsifu mpaka wakamtia jasho. "Watoto wa siku hizi wangekuwa kama wewe," walimwambia, naye alitabasamu.

Kibaya zaidi ni kwamba alikuwa akiona kwamba Shangazi anaona. Siku moja, akiwa hatua tatu mbali naye, Shangazi alisema, "Una uzi mweupe kwenye kola." Volti akauondoa uzi.

"Si unaona, Shangazi?"

"Naona vitu, mwanangu. Rangi ndiyo siiamini tena. Siku ile niliona mpaka jasho lisilokuwepo. Mtu akifika hapo, amekwisha."

Angeweza kusema palepale. Badala yake akaenda kumwagilia mboga za Shangazi ambazo zilikuwa zimekwisha kumwagiliwa asubuhi.

Aliyemfikisha pabaya ni mkewe, mwanamke asiyependa mambo ya kuzungukazunguka. "Miaka mitatu unamshika mkono," alimwambia. "Daktari wa macho yupo mjini. Mpeleke." Volti akasema kazi nyingi. Mara ya pili akasema Shangazi anaogopa madaktari, jambo ambalo Shangazi mwenyewe angelishangaa. Mara ya tatu mkewe hakumwuliza. Alikwenda mwenyewe kuandikisha jina, akarudi na kikaratasi cha siku na saa, akakiweka juu ya meza chini ya funguo za mumewe. Wewe fikiria mtu anayeomba kimoyomoyo kwamba mama aliyemlea akutwe ana ugonjwa wa macho. Volti aliomba hivyo, usiku na mchana, na alijichukia kwa ombi lake.

Chumba cha kungojea kwa daktari kilikuwa na viti vya plastiki, feni, na kalenda ukutani. Volti aliitambua kalenda kabla hajaketi. Kiwanda chao huzigawa kila mwaka kwa maduka na hospitali, na mwaka huo bosi alikuwa ametia juu yake ile picha ya chupa mbili, kubwa, inang'aa. Volti akamkalisha Shangazi kwenye kiti kilichoipa kalenda mgongo.

Daktari, kijana mchangamfu, hakuwa na haraka. Alimsomesha Shangazi herufi za ukutani mpaka mstari wa mwisho. Akammulika ndani ya macho. Kisha akafungua kitabu cha kurasa za vidoa vya rangi, ambamo namba hujificha kati ya nyekundu na kijani, na Shangazi akazitaja zote bila kusitasita, moja baada ya nyingine, sauti yake ikizidi kupungua kadiri kurasa zilivyokuwa zikigeuzwa.

"Mama, haya macho mazima," daktari akasema. "Miwani ya kusomea tu, kama sisi wote tutakavyovaa. Rangi unaziona kunishinda mimi. Nani alikuambia yameharibika?"

"Mwanangu," Shangazi akasema.

Daktari akamtazama Volti aliyesimama karibu na mlango, akadhani ni mzaha wa nyumbani, akacheka.

Walitoka mpaka chumba cha kungojea, na sasa Shangazi alikuwa akitembea akiielekea kalenda. Akasogea karibu. Hakuvaa kitu machoni. Alitazama picha kwa namna ileile aliyokuwa akitazama sufuria, ameinama, amenyamaza, na Volti akajua anatazama wapi, chini kidogo ya kifuniko.

"Kama macho yangu mazima," akauliza bila kugeuka, "siku ile niliona nini?"

Volti alikuwa na jibu la akiba alilolitunza miaka mitatu, kwamba hata jicho zima hukosea siku moja moja. Alifungua kinywa kulitoa. Wakati huohuo mkono wa Shangazi ukarudi nyuma kwa mazoea, ukapapasa hewani ukitafuta kiwiko chake, na jibu likamkwama.

"Uliona sawa, Shangazi."

"Niliona nini?"

"Jasho. Ilikuwa yako."

"Na ile ya waridi?"

"Yangu. Mtambo ulinishinda siku ile. Nikabadilisha karatasi."

Mkono uliokuwa ukipapasa ukarudi polepole. Wagonjwa wengine walikuwa wakitazama sakafu, wamejitia hamnazo. Volti alingoja matusi, akayataka hata, kwa kuwa matusi yangekuwa mwanzo wa kitu.

"Cherehani yangu nilimpa jirani," Shangazi akasema.

Alitoka nje, akasimama ukingoni mwa barabara, akatazama kulia na kushoto, kisha akavuka peke yake, hatua zake ndefu, dereva mmoja akapiga honi naye akamjibu kwa mkono. Volti alibaki upande wa huku na kiwiko chake bado kimekunjwa. Kutoka ng'ambo Shangazi alipaza sauti kidogo tu, ya kutosha kumfikia.

"Kesho saa mbili nitakuja kazini kwako. Usije kunichukua."

Saa mbili kamili alikuwa getini. Bosi alimkimbilia kwa furaha, "Mama Mvuke, umetutupa kabisa," naye akaomba waitwe wale wanawake watano wa zamani. Wakaja na mikono inayochuruzika maji, wakasimama mbele ya picha. Shangazi akamtazama Volti. Basi Volti akasema, yote, kuanzia maji ya kisima mpaka mtungi wa kuzimia moto, na alipofika kwenye neno "macho" sauti ilimkatika akarudia mara mbili. Mmoja wa wale wanawake alimshika Shangazi begani. Bosi akaketi kwenye kiti cha wageni kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

"Miaka mitatu nawaonyesha watu," akasema. Kisha, bila kumtazama Volti, "Saa nne uje ofisini kwangu. Uje na funguo za mtambo."

Volti akainua mikono kuishusha picha.

"Iache," Shangazi akasema. "Badilisha maneno."

Akabandua karatasi mbili, akazibandika upya, MOTO chini ya nyekundu. Mikono iliyotulia ilimchukua muda safari hii, na karatasi ya pili ilikaa upande.

Ndipo Shangazi akataka kuona huo mtambo ukifanya kazi. Walimletea rosela ya asubuhi hiyo kwenye glasi, baridi, moja kwa moja kutoka bombani. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha, akainusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Hii imenipita," Shangazi akasema. Alisema kwa sauti ya fundi anayezungumza na fundi. "Rangi imekaa, na harufu yake iko hai. Sikuwahi kufika hapa hata siku yangu njema. Mlianza kuipata hivi lini?"

Moyo wa Volti uliruka kwa furaha ya kijinga, akidhani amesamehewa. "Wiki tatu baada ya siku ile. Chujio la maji lilipofika."

Shangazi akaiweka glasi chini taratibu.

"Wiki tatu," akasema. "Ungenishinda kwa haki, mwanangu. Ningekupigia makofi mimi wa kwanza, na macho yangu ningekuwa nayo."

Akachukua mkoba wake, akatoka akipita ukumbi uleule mwembamba, na kutoka kule alikosimama Volti alimsikia akisoma kwa sauti kila kibao cha ukutani alichokipita, kimoja kimoja, bila kukosea, mpaka getini.